Mwamba wako utaangukaje? Uamuzi wa programu unaanzia hapo

Swali: Shikamoo Mhandisi. Nina miaka miwili kazini kama mhandisi wa jiotekniki kwenye mgodi mdogo wa dhahabu wa chini ya ardhi, huku Kanda ya Ziwa. Tumefika kina cha mita 500. Njia zetu zina upana wa mita 5. Stopu za wazi, yaani vyumba tunamochimbia mbale, zina kimo cha mita 25 na urefu wa mita 15. Meneja anataka nipendekeze programu ya modeli za miamba kabla bajeti haijafungwa, na anasisitiza iwe ya 3D (pande tatu). Wenzangu wanavutana: mmoja FLAC3D, mwingine RS2, wa tatu Abaqus kwa kuwa aliisoma chuoni. Kuna aliyeniletea FLAC3D iliyovunjwa leseni kwenye flashi. Laptopu yangu ina RAM ya GB 16. Kazi hii nataka pia niifanyie shahada ya uzamili. Je, za bure zinafaa? Nichague ipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na jibu lenyewe, maana bajeti haisubiri maelezo. Kwa mgodi kama ulivyoueleza, ningeomba fedha za UnWedge (ya kabari za mwamba zinazochomoka) na RS2 (ya mkazo, kwa pande mbili), leseni moja moja. Fungu la tatu, ambalo huenda likazidi hayo mawili, liende kwenye kupima mwamba wenyewe: ramani ya nyufa, sampuli za maabara na kipimo cha mkazo wa asili. Stopu zako kwa sasa zihesabu kwa chati ya uthabiti, kazi ya kalamu na kikokotoo. FLAC3D ni programu nzuri sana, ila ningeiacha ipite mwaka huu. Abaqus nisingeinunua kwa kazi hii. Ya kwenye flashi mrudishie mwenyewe.

Sasa sababu, na hapo ndipo penye urefu.

Wenzako wanabishania majina kabla ya kukubaliana swali. Jiwe likianguka mgodini kwenu wiki hii, litaanguka kwa namna gani? Huenda nyufa tatu zimekutana juu ya njia, kabari ya mwamba ikachomoka kwa uzito wake yenyewe. Huenda mkazo umezidi uwezo wa mwamba, vigae vyembamba vikabanduka ukutani kwa mlio. Huenda mmepita kwenye ukanda uliosagika, mwamba laini ukawa unaingia ndani polepole mpaka lori linakwaruza. Au mwamba wa matabaka membamba unapinda kuelekea stopu na kuvunjika tabaka kwa tabaka, mkiishia kubeba mawe matupu pamoja na dhahabu. Haya ni matukio manne yenye hesabu nne tofauti. Programu inayoshinda kwenye moja inaweza isione kabisa lingine. Modeli ya mwamba usio na nyufa, hata uitengeneze kwa vipande milioni 3, haitakuonyesha kabari inayotoka, kwa sababu hukuiwekea nyufa. Itakupa picha ya rangi nzuri, paa lote likiwa la kijani, halafu mtu anaumia.

Mita 500 ni kina kinachochanganya. Kwenye mita 100 ningekuambia bila kusita kwamba adui yako ni nyufa. Kwenye mita 2,000 ningekuambia ni mkazo. Hapo ulipo inategemea, na unaweza kujua inategemea nini kwa hesabu ya dakika kumi.

Mwamba ulio juu yako unaleta takriban megapaskali (kipimo cha mkazo) 0.027 kwa kila mita, kwa hiyo mkazo wa wima kwenye mita 500 ni kama 13.5. Mkazo wa mlalo ni mkazo wa wima mara namba tunayoiita k. Mwaka 1898 Mjerumani Kirsch alitoa hesabu ya mkazo kuzunguka tundu la duara, na kutoka kwake tunajua kwamba mkazo kwenye paa la njia ni mkazo wa mlalo mara 3, toa wa wima. Ukutani ni wa wima mara 3, toa wa mlalo. Chukua k ya 1.5. Mkazo wa mlalo unakuwa 20.25, paa linabeba 47.25 na ukuta 20.25. Sasa chukua k ya 0.6. Mkazo wa mlalo ni 8.1, paa linabeba 10.8 tu, na ukuta umepanda hadi 32.4. Njia ni ileile, kina kilekile, mwamba uleule. Kilichobadilika ni namba moja, na hatari imehama kutoka paani kwenda ukutani.

Endelea kidogo. Tuseme sampuli zako za maabara zinavunjika kwenye megapaskali 120. Vipimo vya miamba migumu, hasa vile vya miaka ya 1990 kwenye maabara ya chini ya ardhi ya Manitoba, Canada, vilionyesha kwamba kubanduka huanza mkazo wa ukingo wa tundu unapofika karibu asilimia 40 ya nguvu ya sampuli, pengine 30, pengine 50. Asilimia 40 ya 120 ni 48. Kwa k ya 1.5 paa lako lipo mlangoni kabisa mwa kubanduka. Modeli ya mkazo ni lazima. Kwa k ya 0.6 ukuta uko asilimia 27, umetulia, lakini paa limelegea. Halibanwi vya kutosha, na kabari ambazo zingeshikwa na mbano huo ziko huru kuanguka. Hapo UnWedge ina faida kuliko programu yoyote ya mamilioni.

Sasa, k ya mgodi wenu ni ngapi? Nadhani hakuna anayejua, na hilo halikufanyi uwe tofauti na migodi mingi. Kinachonikera ni kuona ripoti zenye k ya 1.5 au 2 iliyonakiliwa kutoka mfano wa Canada au Australia, kana kwamba bara letu halina tabia yake. Dhahabu yenu imo kwenye miamba ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, imekaa katikati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa, na Bonde la Ufa ni mahali ambapo bara linavutwa pande mbili. Panapovutwa, mkazo wa mlalo wa upande mmoja unaweza kuwa mdogo kuliko wa wima. Sisemi k yako ni 0.6. Nasema kwamba 1.5 haina haki ya kuingia kwenye modeli yako bila kuulizwa pasipoti.

Njia nzuri ya kuijua ni kuchoronga tundu, kubandika kifaa cha kupima ndani yake, kisha kuchoronga kulizunguka ili mwamba uachie, na kusoma umejinyoosha kiasi gani. Ni ghali. Nafuu zaidi ni kupeleka sampuli za uchorongaji zilizowekewa alama ya mwelekeo kwenye maabara, zikakandamizwa mpaka zianze kutoa milio midogo. Milio hiyo hubeba kumbukumbu ya mkazo zilioubeba ardhini. Majibu yake yana ubishi, lakini ni bora kuliko kunakili. Na kuna cha bure: nenda kaangalie visima vyenu vya wima vya hewa na vya kushushia mawe. Kama vimebanduka pande mbili zinazotazamana na duara limekuwa yai, mkazo mkubwa wa mlalo unalala kwa pembe mraba na pande hizo zilizobanduka. Piga picha, pima kwa dira, andika. Ramani ya Dunia ya Mikazo nayo ipo mtandaoni bila malipo. Inakupa mwelekeo wa jumla wa eneo.

Turudi kwenye majina. Mtihani wangu wa kwanza kwa programu yoyote ni kuuliza ilizaliwa kutatua tatizo gani, kwa sababu tabia ya utotoni haiishi. PLAXIS ilianzia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Uholanzi, mwaka 1987, kwa ajili ya kingo za mito kwenye udongo laini. Siku hizi ina modeli za miamba, na mhandisi wa misingi ya majengo ya Dar es Salaam ataipenda, ila ukiifungua unaona ni mtoto wa udongo na maji. RS2, ambayo zamani iliitwa Phase2, ilitokana na kundi la Evert Hoek la Chuo Kikuu cha Toronto lililokuwa likishughulika na migodi ya miamba migumu. Kwa hiyo bolti za kushikilia mwamba, zege la kunyunyizia, hatua za uchimbaji na kigezo cha Hoek na Brown cha nguvu ya mwamba vimo humo tayari, huhitaji kuvitengeneza. Abaqus ni ya uhandisi wote, kuanzia matairi hadi vinu. Inaweza karibu kila kitu, na kwa kila kitu itakutaka ukae chini uandike. Mwenzako aliyeisoma chuoni ana haki ya kuipenda. Lakini mgodi utalipa leseni kubwa ili afanye kwa wiki moja kile ambacho RS2 inafanya kwa asubuhi moja.

FLAC ilitoka mwaka 1986 kwenye kampuni ya Itasca, Minneapolis, na ndugu yake FLAC3D ikafuata 1994. Nguvu yake ni kwamba haiogopi mwamba kuanguka. Programu za elementi za kawaida, zinazogawa mwamba vipande kama RS2 na Abaqus, hutafuta usawa wa nguvu, na mwamba ukifikia kuvunjika hesabu inakataa kufunga. FLAC inafuata mwendo hatua kwa hatua, hivyo hata mwamba ukiporomoka inaendelea kuhesabu. Ndiyo maana inafaa kwa njia zinazojifunga polepole kwenye mwamba laini, kwa nguzo zinazopoteza nguvu baada ya kupasuka, na kwa migodi ambayo mbale huachwa iporomoke kwa makusudi. Inahitaji mtu. Mtu huyo ni wewe, kwa miezi, na meneja wako ameshakupa kazi nyingine tano.

Kisha kuna jamii ya vipande. Peter Cundall mwaka 1971 aliwaza hesabu ambayo kila bonge la mwamba linajitegemea, linateleza, linazunguka, linagongana na jirani yake, na hapo zikazaliwa UDEC ya pande mbili na 3DEC ya pande tatu. Kama nyufa zako zimepangika na unaweza kuzichora, na anguko lenu ni la mabonge mengi kusukumana, hizi ndizo zenye ukweli zaidi. PFC inaenda mbali zaidi, inaunda mwamba kwa punje zilizogandishwa, ili uone ufa ukizaliwa. Ni chombo cha kujifunzia jinsi mwamba unavyovunjika. Kwa kuamua urefu wa bolti, hapana.

Kuna pia programu zinazogawa ukingo wa shimo pekee badala ya kugawa mwamba wote, kama Map3D. Zinachukulia mwamba haujavunjika, lakini kwa kuangalia mpangilio wa kuchimba stopu 20 kwa zamu na kujua nguzo ipi itabeba mzigo mkubwa, zina kasi ambayo FLAC3D haiwezi. Siku meneja akitaka 3D kwa sababu ya kweli, pengine hii ndiyo ya kwanza kuangalia.

Na stopu ndiyo sababu yake ya kweli, hata kama hajaieleza hivyo. Njia ndefu unaweza kuikata kama mkate na kuangalia kipande kimoja. Modeli ya 2D inatosha, isipokuwa kwenye makutano. Stopu haikatiki. Chukua ukuta wako wa juu wa mita 25 kwa 15 na ugawanye eneo lake kwa mzingo wake: 375 kwa 80, unapata mita 4.7. Hicho ndicho kipimo cha ukubwa kinachotumiwa na chati ya uthabiti, iliyoanza na Mathews na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuboreshwa na Potvin mwaka 1988. Ukuta huohuo ukiuweka kwenye modeli ya 2D, programu inadhani urefu wake hauna mwisho, na kipimo kinapanda hadi 12.5. Yaani umeiambia kompyuta kwamba stopu yako ni kubwa karibu mara tatu ya ilivyo. Itakujibu kwamba ukuta unaanguka, na meneja atakataa kukuamini tena hata utakapokuwa sahihi. Kwa hiyo usihesabu ukuta wa stopu kwa RS2. Tumia chati: ubora wa mwamba, mkazo, mwelekeo wa nyufa mbaya, mwinamo wa ukuta. Imejengwa kwa stopu za kweli zilizosimama na zilizoanguka. Ukiona mnataka kurefusha stopu kutoka mita 15 hadi 30, kipimo kinafika 6.8, na chati itakuambia kama mnaelekea pabaya kabla hujafungua kompyuta.

Usiidharau hesabu fupi. Januari 1960 mgodi wa makaa wa Coalbrook, Afrika Kusini, uliporomoka nguzo kwa nguzo na kuua wachimbaji zaidi ya 430. Jibu la utafiti uliofuata halikuwa programu. Salamon na Munro walikusanya nguzo 125, 98 zilizosimama na 27 zilizoporomoka, wakatoa mwaka 1967 mlinganyo wa mstari mmoja wa upana na kimo cha nguzo, na mlinganyo huo ukaongoza migodi ya makaa kwa miongo. (Usiutumie kwenye dhahabu. Ni wa makaa ya Afrika Kusini. Nimekutana nao pasipostahili.)

Ni hapo pia ninaposema fungu kubwa liende kwenye vipimo. Mwaka 1988 Starfield na Cundall walieleza kwamba matatizo ya miamba ni ya uhaba wa data, na modeli ni ya kukusaidia kufikiri kuliko kutabiri. Kompyuta zimekua mno tangu hapo, uhaba umebaki. Hebu ona kwa namba. Kigezo cha Hoek na Brown kinachukua nguvu ya sampuli na alama ya GSI ya ubora wa mwamba, ile unayokadiria kwa macho mbele ya uso wa mwamba. Kwa sampuli ya megapaskali 120 na GSI ya 60, nguvu ya mwamba mzima usiobanwa inatoka kama 12.8. Shusha GSI hadi 50, inakuwa 7.2. Wahandisi wawili wazuri waliosimama mbele ya uso mmoja wanaweza kutofautiana pointi 10 bila yeyote kukosea, na tofauti yao imekula karibu nusu ya nguvu. Kisha kuna kigezo D cha uharibifu wa baruti. Kwa GSI ya 60, ukiweka D ya 0.5 nguvu inashuka hadi 8.2. Hiyo ni sawa kwa mita moja au mbili za mwamba uliotikiswa na mlipuko. Wengi huipaka modeli nzima, mpaka mwamba ambao haujawahi kusikia baruti unaonekana umesagika. Ukipokea modeli ya mshauri yeyote, hapo ndipo pa kuangalia kwanza.

Na kama mwamba wenu ni wa matabaka yaliyolala upande mmoja, GSI yenyewe haikufai, kwa sababu inadhani mwamba ni dhaifu sawasawa kila upande. RS2 na FLAC zote zina modeli ya mwamba wenye udhaifu wa mwelekeo mmoja. Itumie hiyo, na upime nguvu ya kuteleza kwenye tabaka maabara.

Za bure sasa. Zipo za kweli, si vichezeo. Code_Aster ni ya kampuni ya umeme ya Ufaransa, EDF. CalculiX ilitoka kwa wahandisi wa injini za ndege wa MTU huko Munich. OpenGeoSys ina mizizi Leipzig na ni hodari kwenye joto, maji na mwamba kwa pamoja. Kama ungekuwa unashughulikia jotoardhi ya Olkaria, Kenya, au Ngozi, Mbeya, ningekutuma huko moja kwa moja. MOOSE ni ya maabara ya taifa ya Idaho. Yade ni ya punje, jamii ya PFC. LaModel inatolewa bure na taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, lakini ni kwa tabaka la makaa linalolala. Adonis inafuata mtindo wa FLAC kwa 2D, na kwa mwanafunzi ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kwa uzamili, nyingi kati ya hizi zitakupa shahada safi, na msimamizi wako ataweza kufungua kila mstari wa hesabu. Kwa mpango wa kutegemeza paa ambao utausaini mwezi ujao, nina shaka. Bolti utajijengea mwenyewe, hatua za uchimbaji utaziandika mwenyewe, na usiku wa tatizo hakuna wa kumpigia simu. Za bure zinalipiwa kwa muda wako. Kama chuo kinakubali muda huo, lipa kwa furaha. Uliza pia idara yako kuhusu leseni za wanafunzi: Itasca na Rocscience (wenye RS2 na UnWedge) zote zina mipango kwa vyuo, na barua ya msimamizi inafungua milango ambayo mfuko wako hauwezi. Toleo la majaribio la Itasca nalo lina kikomo cha ukubwa wa modeli, lakini linatosha kujifunza.

Ile ya kwenye flashi nimeshaisema, niongeze maneno machache. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inahusu programu za kompyuta pia. Zaidi ya sheria, fikiria siku ya ajali. Mkaguzi anaomba faili za modeli na toleo la programu iliyotumika, na jina lililo chini ya ripoti ni lako, si la aliyekuletea flashi.

Ukishapata programu, usianze na mgodi. Anza na Kirsch. Jenga tundu la duara, weka k ya 1, na uone kama ukutani unapata mara mbili ya mkazo wa asili. Ukipata 1.7, vipande vyako karibu na ukuta ni vikubwa mno. Kisha sogeza mpaka wa modeli. Kwa umbali wa nusukipenyo 5 kutoka katikati ya tundu bado athari yake ni asilimia 4; kwa 10 imebaki asilimia 1. Watu wanabana mpaka ili modeli iende haraka, halafu wanashangaa kwa nini paa lao halisogei. Baada ya hapo chukua anguko moja lililokwisha kutokea mgodini, lenye picha na vipimo, na uhangaike na modeli mpaka iliangushe kama lilivyoanguka. Modeli isiyoweza kueleza anguko la jana isipewe kazi ya kutabiri la kesho. Na usiache kutembea na wazee wa zamu wanaogonga paa kwa nondo na kusikiliza. Paa linalotoa mlio wa pipa tupu limeshaachia, hata RS2 ikisema nini.

Laptopu yako inatosha kwa haya yote. GB 16 ni nyingi kwa 2D. Kwa 3D jua hesabu hii: ukipunguza ukubwa wa vipande kwa nusu kila upande, idadi inapanda mara 8, na kwa programu za aina ya FLAC3D hatua nazo zinaongezeka, hivyo muda unapanda karibu mara 16. Modeli ya saa moja inakuwa ya zamu mbili.

Kwa uzamili, ningechagua mada ambayo data yake mgodi unayo tayari. Kama stopu zenu zinapimwa kwa skana ya leza baada ya kuchimbwa, una hazina: umbo lililopangwa, umbo lililopatikana, na tofauti kati yake. Chukua stopu zote mlizo na skana, uhesabu kila moja kwa chati, kisha chagua chache uzijenge kwa modeli ya 3D na uone ni namba ipi inayoeleza ukuta ulioanguka zaidi: k, matabaka, au baruti. Kwa mgodi wenu ni faida ya moja kwa moja, maana kila tani ya jiwe tupu inayoingia kinuni inalipiwa dizeli na umeme. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu, wakati huohuo. Programu za Itasca zinaongozwa nayo, sambamba na lugha yao ya FISH, na nyingi za bure zinaitumia. Utakapotaka kuendesha modeli 200 zenye k tofauti usiku kucha, hutabofya kwa kipanya.

Kuhusu meneja na 3D yake, usimkatalie uso kwa uso. Mwambie 3D itaombwa kwenye bajeti ijayo kwa masharti yanayoandikika: mkiwa mmefungua stopu jirani zinazoacha nguzo kati yake, au mkiwa mmepita mita 700, au mkianza kusikia mwamba ukilia kabla ya mlipuko. Lolote kati ya hayo likitokea kabla ya mwaka kwisha, omba mshauri mwenye leseni akujengee modeli moja, na kwenye mkataba weka kipengele kwamba atakukabidhi faili zote pamoja na namba zote alizoingiza. Bila kipengele hicho utakabidhiwa picha za rangi.